Jeraha Lisilouma Bado ni Jeraha



Katika sura ya 15 ya Injili ya Marko twasoma ya kuwa Bwana wetu alipofikishwa Golgotha, kabla ya kutundikwa msalabani, alipewa divai iliyotiwa manemane, naye hakuipokea. Wafafanuzi wengi wa Maandiko husema ya kuwa kinywaji kile kilikusudiwa kumlegeza mtu, asiyasikie sana maumivu yake. Ni neno fupi, na wengi hulipita mbio wakiharakisha kufika kwenye msalaba wenyewe. Lakini wako wengine wanaolishika na kulifanya kuwa sheria. Husema, “Mwenye imani haombi kupunguziwa maumivu, maana Bwana mwenyewe alikikataa kikombe kile.” Maneno haya husemwa kando ya vitanda vya wagonjwa, na mara nyingi husemwa na watu waliokwenda kuwafariji.

Tena katika sharika zetu yako mazoea mawili ya kuhukumu. La kwanza, tukimwona mtu kimya, twasema hakuumia. La pili, tukimsikia mtu akilia, twasema imani yake ni haba. Mwezi huu twataka kuyapima mazoea haya kwa kutazama jinsi Mwenyezi Mungu alivyouumba mwili wa mwanadamu. Maana Mwumba ameweka ndani yetu kazi moja ya ajabu ambayo wengi hawaijui. Alituwekea mishipa ya kupeleka habari ya maumivu, na pamoja nayo akaweka njia za kuyazuia maumivu hayohayo. Tukizijua njia hizi, tutajua pia namna ya kumhudumia mwenzetu aliye kitandani.

Na tuanze na habari ya mtu ambaye jina lake lajulikana na wengi. Mwaka 1844 mmisionari David Livingstone alikuwa akikaa Mabotsa, katika nchi ya Afrika Kusini, kati ya watu wa kabila la Wakgatla. Simba walikuwa wakiiharibu mifugo ya kijiji, naye akatoka pamoja na watu ili wawawinde. Alimpiga simba mmoja kwa bunduki, lakini alipokuwa akiishindilia tena, simba yule akamrukia, akamshika karibu na bega, akamwangusha na kumtikisa. Aliyemwokoa ni mwalimu wa kanisa, mwenyeji wa nchi zile, jina lake Mebalwe. Alimlenga simba, lakini bunduki yake ikakataa kulia. Hata hivyo simba alimwacha Livingstone akamgeukia yeye, akamwuma paja. Mtu mwingine akaja na mkuki, naye akaumwa bega. Ndipo simba akaanguka akafa kwa risasi za kwanza.

Katika kitabu alichokitoa mwaka 1857, Livingstone aliandika jambo lililowashangaza wasomaji wake. Alisema ya kuwa alipotikiswa na simba hakuona maumivu wala hofu, ingawa alikuwa na akili zake zote na kuyajua yote yaliyotendeka. Alikuwa kama mtu aliye katika ndoto. Naye alifikiri ya kuwa huenda wanyama wote wanaouawa na wanyama wakali hupata hali hiyohiyo, na ya kuwa ni rehema ya Mwumba ya kuwapunguzia uchungu wa kufa.

Hakuwa daktari asiyejua kazi yake. Alikuwa amesomea udaktari, na alijua mfupa uliovunjika ni kitu gani. Lakini wakati ule hakuna aliyeweza kueleza jinsi jambo hili linavyotendeka. Ilipita zaidi ya miaka mia moja kabla ya wataalamu kuanza kulifahamu.

Basi, tueleze kwa ufupi walichokiona. Mtu akikanyaga mwiba, mishipa ya fahamu iliyo katika ngozi huichukua habari na kuipeleka mpaka kwenye ugwe uliomo ndani ya uti wa mgongo, na kutoka hapo hupanda mpaka kwenye ubongo. Watu wa zamani walidhani ya kuwa habari hii hupita moja kwa moja, kama kamba ya kengele. Ukivuta chini, kengele yalia juu, na kadiri uvutavyo ndivyo iliavyo. Lakini mwaka 1965 Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walieleza ya kuwa sivyo. Walisema ya kuwa katika ugwe ule pana kitu kama lango. Habari ya maumivu ikifika hapo yaweza kupitishwa, au kupunguzwa, au kuzuiwa. Mambo mengine ya maelezo yao yamesahihishwa tangu hapo, lakini neno lile la lango limethibitika. Tena walionyesha ya kuwa mishipa iletayo habari ya kuguswa na kusuguliwa husaidia kulifunga. Ndiyo sababu mtu akijigonga goti hulisugua mara moja pasipo kufundishwa, na mama humsugua mtoto wake paji la uso alipojigonga mlangoni. Akina mama walijua kazi hii kabla ya wataalamu kujua sababu yake.

Tena si kwamba lango hili hutegemea tu habari ziletwazo na mishipa kutoka chini. Ubongo wenyewe hupeleka amri kutoka juu. Katikati ya ubongo, kandokando ya mfereji mwembamba wa maji, pana mahali padogo penye rangi ya kijivu. Mwaka 1969 mtaalamu wa Marekani aitwaye David Reynolds alipitisha umeme mdogo mahali pale katika ubongo wa panya, akaweza kuwapasua tumbo pasipo dawa yoyote ya usingizi, nao hawakuonyesha dalili ya kuumia. Kutoka mahali pale amri hushuka mpaka kwenye uti wa mgongo, na kulifunga lango.

Bado lilikuwako swali la tatu. Tangu zamani sana watu wamejua ya kuwa utomvu wa mmea wa afyuni hutuliza maumivu, na kutoka utomvu huo hutengenezwa dawa iitwayo mofini. Mwaka 1973 wataalamu wa Marekani na wa Uswidi walionyesha ya kuwa katika ubongo mna mahali palipofanywa sawasawa kuipokea dawa hii, kama kufuli ipokeavyo ufunguo wake. Ndipo watu wakauliza: kufuli hii yafanya nini katika kichwa cha mtu ambaye hajaonja afyuni maisha yake yote? Jibu likaja mwaka 1975 kutoka mji wa Aberdeen, Uskoti. Hapo John Hughes na Hans Kosterlitz, wakitumia ubongo wa nguruwe, walitoa vitu viwili vidogo ambavyo mwili hujitengenezea wenyewe, navyo hufungua kufuli ileile. Wakaviita enkefalini, kwa neno la Kiyunani la kuonyesha ya kuwa vimo kichwani. Baadaye vikaonekana vingine vya jamii hiyo, navyo huitwa endofini, yaani mofini itokayo ndani.

Basi, wapenzi, tufikiri maana yake. Kabla mtu wa kwanza hajachuma mmea wa afyuni, dawa ya jamii ile ilikuwa imekwisha kuwekwa ndani ya mwili wake. Mwumba hakungoja mpaka sisi tumwombe. Alipoutia mwili uwezo wa kuumia, alitia pia uwezo wa kutulizwa.

Tena njia hii ya kuyazuia maumivu haifanyi kazi kwa mwili peke yake, bali imefungamana na moyo na mawazo ya mtu. Mwaka 1944, katika vita kuu ya pili, daktari wa jeshi la Marekani aitwaye Henry Beecher alikuwa akiwahudumia majeruhi katika nchi ya Italia. Aliwauliza watu 215 waliojeruhiwa vibaya, wenye akili zao timamu, kama wana maumivu na kama wataka dawa ya kuyatuliza. Yapata robo tatu yao wakajibu ya kuwa maumivu si makali hata wahitaji dawa, ingawa wengi hawakupewa dawa kwa muda wa saa nyingi. Wala hawakuwa wamekufa ganzi mwili mzima, kwa maana alipochomwa mmoja wao sindano na mtu asiye hodari, alilalamika kama mtu mwingine yeyote. Beecher aliandika habari hizi mwaka 1946. Miaka kumi baadaye akawalinganisha na watu waliopasuliwa hospitalini wakati wa amani, akaona ya kuwa hao walio wengi walitaka dawa, ingawa majeraha yao yalikuwa madogo kuliko ya askari. Akasema ya kuwa maana ya jeraha ndiyo iliyotofautiana. Kwa askari, jeraha lilimaanisha ya kuwa ametoka vitani hai na atarudi kwao. Kwa mtu wa nyumbani, jeraha lilimaanisha ya kuwa taabu imeanza.

Tena mwaka 1978, katika mji wa San Francisco, wataalamu waliwachunguza watu waliong'olewa meno. Wengine walipewa kitu kisicho na dawa ndani yake, nao wakitumaini ya kuwa ni dawa, na baadhi yao wakapata nafuu. Kisha wakapewa dawa iitwayo naloksoni, ambayo kazi yake ni kuiziba ile kufuli tuliyoitaja, na maumivu yakarudi kwa wale waliopata nafuu. Hivyo ikajulikana ya kuwa nafuu yao haikuwa ya kujidanganya. Matumaini yao yaliutikisa mwili wenyewe, nao ukatoa dawa yake.

Mpaka hapa mtu aweza kusema, “Kama ni hivyo, hatuna haja ya hospitali. Mungu ametutilia dawa ndani, na matumaini hutosha.” Hapana, ndugu. Hili ni kosa, nasi twaomba mlisome kwa makini neno linalofuata, maana ndilo lililotufanya tuandike.

Rehema hii ina kipimo chake. Hulizuia onyo la maumivu, lakini hailiponyi jeraha. Na tumrudie Livingstone. Alipokuwa chini ya simba hakusikia maumivu, lakini meno yalikuwa yakiingia. Alihesabu alama kumi na moja za meno, na mfupa wa mkono wake wa kushoto, sehemu ya juu, ulivunjikavunjika. Maumivu yalikuja baadaye, na mfupa ule haukuunga vizuri, wala mkono haukurudia nguvu zake za kwanza. Alipokufa mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, wenzake Susi na Chuma pamoja na wengine waliuchukua mwili wake kwa safari ya miezi mingi mpaka Bagamoyo. Ulipofika London mwaka 1874, madaktari walihakikisha ya kuwa ni yeye kwa kuutazama mfupa ule. Miaka thelathini ilikuwa imepita, na jeraha ambalo mwenyewe hakulisikia siku ile lilikuwa bado limo. Jeraha lisilouma bado ni jeraha.

Basi kwa nini Mungu hakuyaondoa maumivu yote? Wako watu waliozaliwa pasipo kuyajua kabisa. Mwaka 2006 wataalamu walieleza habari za watoto wa jamaa kadhaa za kaskazini ya Pakistani ambao hawakupata kusikia maumivu tangu kuzaliwa, kwa sababu ya hitilafu katika jeni moja. Midomo na ndimi zao zilikuwa na makovu ya kujiuma, na wengine walivunjika mifupa pasipo kujua. Kijana mmoja alikuwa akipata fedha njiani kwa kujichoma visu mikononi na kukanyaga makaa ya moto mbele ya watu. Aliruka kutoka juu ya paa, akafa kabla ya kutimiza miaka 14. Hakuna aliyekuwa akimwonya ndani ya mwili wake.

Wenzetu waliopatwa na ukoma walijua jambo hili tangu zamani. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi katika mji wa Vellore, India, tangu mwaka 1946, aliona ya kuwa vidole havikuliwa na ugonjwa kama watu walivyodhani. Ugonjwa uliiua mishipa ya fahamu, kisha mtu akashika sufuria ya moto pasipo kujua, akatembea juu ya msumari pasipo kujua, na vidonda vikaharibu mikono na miguu. Wengine waliguguniwa na panya usiku wala hawakuamka. Kwa sababu hiyo Brand aliwafundisha kujitazama mikono na miguu kila siku, na kuvaa viatu vilivyotengenezwa kwa ajili yao.

Twaona basi ya kuwa maumivu ni mlinzi aliyewekwa langoni. Akipiga kelele, yafaa tuamke. Tena yule aliyemweka mlinzi ndiye aliyempa bwana wa nyumba uwezo wa kumwambia, “Nimesikia. Nyamaza kidogo, nipate kumtoa mtoto ndani.” Mambo yote mawili yametoka katika mkono mmoja. Mtu akimbiaye moto hupewa muda wa kukimbia, na akiisha kufika salama maumivu humrudia, ili atafute dawa. Maumivu yasipozuiwa kamwe, mtu hawezi kujiokoa. Na yasiporudi kamwe, mtu hatatibiwa.

Sasa tuyapeleke mambo haya kwenye kazi yetu.

Kwanza, tusimhukumu mtu kwa kimya chake. Leo ajali za barabarani ni nyingi. Mtu huanguka na pikipiki, husimama, hukung'uta mavumbi na kusema, “Sijambo, hakuna neno.” Watu hufurahi, humpa maji, naye huenda zake nyumbani. Lakini huenda damu yavuja ndani ya tumbo au ndani ya kichwa, na kwa saa chache mwili umeyazuia maumivu. Mtu wa namna hii apelekwe hospitalini hata akikataa. Kusema sijambo si ushuhuda wa kutosha.

Na ndivyo ilivyo kwa majeraha ya moyo. Mama amefiwa na mwanawe. Siku ya maziko hakulia, aliwahudumia wageni, na watu wakasema, “Amejipiga moyo konde, imani yake ni kubwa.” Siku ya tatu wote wakatawanyika. Wapenzi, siku ya tatu mama yule huenda hajaanza bado. Hatusemi ya kuwa moyo na mfupa ni kitu kimoja, lakini kila mchungaji ameona watu waliosimama imara makaburini na kuanguka mwezi wa pili. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Kwa hiyo tunawaomba wainjilisti na wazee wa kanisa waandike katika daftari zao majina ya waliofiwa, na wawatembelee tena baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi mitatu. Wakati ule maturubai yamekwisha kuondolewa, na nyumba ni kimya.

Pili, tusimhukumu mtu kwa kilio chake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Miili yetu haikupewa njia hizi kwa kipimo kimoja. Tena maumivu yakaayo muda mrefu yaweza kuibadili mishipa yenyewe, hata ugwe wa mgongo ukawa mwepesi kulifungua lango na mzito kulifunga. Mtu wa namna hii huumia kwa kuguswa kidogo tu, wala hajifanyi. Mwalimu wetu Martin Luther, mwaka 1537 huko Schmalkalden, alishikwa na ugonjwa wa mawe katika njia ya mkojo, akaumwa mpaka yeye na rafiki zake wakadhani atakufa. Aliugua kwa sauti, aliomba afe, na madaktari walimtibu. Je, twaweza kusema ya kuwa imani yake ilikuwa haba? Na Ayubu je? Rafiki zake walifanya vema walipokaa naye chini siku saba pasipo kusema neno. Walikosa walipoanza kumweleza sababu ya maumivu yake.

Tatu, tusiwakataze wagonjwa dawa ya kutuliza maumivu. Katika magonjwa mengine, na hasa saratani iliyoenea, lango la mwili hulemewa. Maumivu huja mchana na usiku, nayo hayana tena kazi ya kuonya, maana onyo limekwisha kusikiwa. Hapo mofini hufaa sana ikitolewa na daktari kwa kipimo. Nayo hufungua kufuli ileile ambayo Mwumba aliiweka kichwani mwetu. Katika Uganda, daktari Anne Merriman alianzisha mwaka 1993 kazi iitwayo Hospice Africa Uganda, ya kuwatunza watu wenye maradhi yasiyopona. Huko unga wa mofini ulichanganywa na maji, wagonjwa wakainywa nyumbani kwao kwa gharama ndogo. Na tangu mwaka 2004 sheria ya nchi ile imewapa ruhusa hata wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuandika dawa hii, ili iwafikie watu wa vijijini. Ni kweli, mofini ni dawa kali. Atumiaye pasipo daktari hujitia katika hatari ya kutekwa nayo, na hata ya kufa. Lakini kumnyima mgonjwa dawa aliyoandikiwa na daktari wake, kwa sababu jirani huenda akasema kitu, si uchaji wa Mungu.

Mashindano haya si mapya. Mwaka 1847 daktari James Simpson wa Edinburgh alipoanza kuwapa wanawake klorofomu wakati wa kujifungua, wako watu waliosema ya kuwa apinga amri ya Mungu. Aliwajibu kwa Maandiko. Aliwakumbusha sura ya 2 ya kitabu cha Mwanzo, ya kuwa Mungu alipotaka kutwaa ubavu wa Adamu, alimtia kwanza usingizi mzito. Kwa hiyo mpasuaji wa kwanza hakumpasua mtu akiwa macho.

Nne, tusidharau kazi ya kukaa karibu na mgonjwa. Tumekwisha kuona ya kuwa kuguswa husaidia kulifunga lango, na ya kuwa matumaini hutoa dawa ndani ya mwili. Basi mwinjilisti amshikaye mgonjwa mkono na kusali naye polepole, asidhani ya kuwa afanya kazi ndogo. Huenda saa ile mwili wa mgonjwa wapata nafuu kwa njia hizi ambazo Mungu amezitia ndani yake. Lakini ajihadhari asitoe matumaini ya uongo. Asimwambie mgonjwa atupe dawa zake kwa kuwa maumivu yamepungua baada ya sala. Nafuu ni nafuu, na jeraha ni jeraha. Msamaria yule wa mfano wa Bwana alimhurumia mtu aliyepigwa, lakini huruma yake haikuishia katika maneno. Alimtia mafuta na divai katika vidonda, akavifunga, akampeleka mahali pa kutunzwa, akalipa fedha.

Sasa tukirudie kile kikombe cha Golgotha. Bwana wetu alikikataa, nasi twaamini ya kuwa alifanya hivyo kwa sababu alikuwa amekusudia kukinywa kikombe kingine, ambacho Baba alimpa, akiwa na akili zake zote, mpaka mwisho. Kazi ile ilikuwa yake peke yake, na imekwisha kutimizwa. Hakuna mgonjwa katika usharika wetu aliyeagizwa kuirudia. Kitanda cha mwenye saratani si msalaba wa kuukomboa ulimwengu. Tena tusisahau ya kuwa yeye aliyekikataa kikombe kwa ajili yake mwenyewe hakumnyima mtu mwingine nafuu hata mara moja. Alipoletewa wenye maumivu hakuwaambia wavumilie. Aliwagusa na kuwaponya. Na alipoumia yeye mwenyewe hakukaa kimya kama asiyesikia. Alilia kwa sauti kubwa, na kilio chake kimeandikwa katika Injili ili mtu yeyote aliaye asione haya.

Basi, ndugu wapenzi, mwezi huu tutazame katika nyumba za sharika zetu. Yuko aliyeumia naye asema sijambo, yuko aliaye naye ameambiwa anyamaze, na yuko aliyeandikiwa dawa, nayo imewekwa juu ya kabati kwa sababu wenyeji wa nyumba wamtaka avumilie. Tumwendee wa kwanza na kumpeleka kwa daktari. Tumwendee wa pili na kukaa naye chini. Tumwendee wa tatu, tuzungumze na wenyeji wake kwa upole, na dawa ile ishushwe.

Ee Mungu uliyetuumba, tunakushukuru kwa mlinzi uliyemweka ndani yetu, na kwa rehema unayomtuliza nayo. Utupe macho ya kuliona jeraha lisilolia, na masikio ya kumsikia aliaye pasipo kumhukumu. Uibariki mikono ya madaktari na wauguzi. Nasi utufanye kuwa watu ambao mgonjwa akituona mlangoni hupata nafuu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.